Mafumbo ya mantiki au ya uwezekano: grupu lenu lianze na yapi?

“Shikamoo dada. Tumekusanyika vijana kumi na wawili hapa Kasulu, tunataka kufungua grupu la mafumbo kama lenu. Tatizo tumegawanyika. Nusu wanataka mantiki, nusu wanataka uwezekano. Wewe unasemaje?”

Ujumbe huo uliingia wiki iliyopita nikiwa kibandani kwangu Mwanga, watu wa kutoa pesa wamepanga foleni. Niliitikia marahaba, nikamwomba anipe muda. Swali lenyewe nimeshaulizwa mara nyingi, na kila mara nilikuwa najibu kwa mkato: anzeni na mnachokipenda. Jibu hilo halimsaidii mtu. Aina hizi mbili tunaziita kwa jina moja, mafumbo, lakini watu wengi wakikaa kuzitatua kwa pamoja kwenye simu, kila moja ina mwendo wake, ugomvi wake na dawa yake. Nimeshaona magrupu mawili yakifa hapa hapa Kigoma kwa sababu wenyewe waliyachukulia yote sawa.

La kwetu lina watu arobaini. Tuna walimu, tuna muuguzi, fundi cherehani wa Ujiji, mwanafunzi aliyeko Tabora, na wavuvi wa dagaa wa Katonga. Hao wavuvi ndio wanaotupa kalenda. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka hawaingii ziwani, na siku hizo chache ndizo grupu huchangamka kuliko zote.

Utaratibu tumeazima kwa bibi zetu. Mwenye fumbo anaandika “Kitendawili”, wenzake wanajibu “Tega”. Saa ishirini na nne za kwanza hakuna ruhusa ya kumwaga jibu hadharani. Aliyeshindwa kabisa anatoa mji: “Nakupa Uvinza.” Mwenye fumbo akiukubali mji, anasimulia alivyokwenda Uvinza na alichokula huko, ndipo anafumbua. Inafurahisha, na inampa mtu njia ya heshima ya kusema sijui. Sasa tuziweke hizo aina mbili ubavu kwa ubavu.

Mantiki: kila unachohitaji kiko ndani ya maneno

Chukua hili. Umefika Kibirizi, unawakuta watu wawili wamekaa ukingoni mwa boti. Umeambiwa kila mtu wa hapo ama husema kweli siku zote, ama hudanganya siku zote. Wa kwanza anakwambia, “Sisi sote wawili ni waongo.” Nani ni nani?

Huhitaji kumjua mtu yeyote wa Kibirizi. Angekuwa mkweli, asingeweza kujiita mwongo. Basi ni mwongo. Na kama ni mwongo, alilosema si kweli, maana yake si wote wawili ni waongo. Yeye tayari ni mwongo, kwa hiyo mwenzake lazima awe mkweli. Imeisha. Mafumbo ya namna hii yalienezwa sana na Raymond Smullyan, mwanamantiki wa Marekani aliyekuwa pia mpiga piano na mfanya mazingaombwe.

Ninachokipenda kwenye mantiki ni huko kuisha. Mtu aliyekuwa anabisha dakika mbili zilizopita anaona kwa macho yake kwamba njia nyingine zote zimeziba, anaandika “kweli”, na hakuna aliyeumia. Kwa grupu la watu wasiojuana hilo ni jambo kubwa. Mnajenga desturi ya kukubali kushindwa na hoja, na mnaijenga mahali ambapo kukubali hakugharimu.

La pili la mantiki ambalo siachi kulitoa kwa kila kundi jipya linatoka kwa Peter Wason, mwanasaikolojia wa Uingereza, aliyelitoa mwaka 1966. Kuna kadi nne mezani. Kila kadi ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Zinaonekana A, K, 4 na 7. Sheria inasema: kadi yenye irabu upande mmoja ina namba shufwa upande wa pili. Ni kadi zipi, chache iwezekanavyo, utazigeuza kujua kama sheria imevunjwa?

Nilipoliweka kwetu, wengi walitaka kugeuza A na 4, akiwamo mwalimu mmoja wa hesabu. Duniani kote watu hukosea hivyo hivyo. Sahihi ni A na 7. Ile 4 hata ikiwa na K nyuma yake haivunji kitu, maana sheria haikusema kwamba namba shufwa lazima iwe na irabu. Lakini 7 ikiwa na irabu nyuma yake, sheria imevunjika.

Kesho yake nikalileta tena, nimelivalisha nguo za kibandani. Karatasi nne. Upande mmoja imeandikwa kama mteja anatoa pesa au anaweka, upande wa pili kama ameonyesha kitambulisho au hajaonyesha. Tuseme sheria ya kibanda ni kwamba kila anayetoa pesa lazima aonyeshe kitambulisho. Zinaonekana: ANATOA, ANAWEKA, AMEONYESHA, HAJAONYESHA. Ugeuze zipi? Karibu wote walijibu papo hapo: anatoa, na hajaonyesha. Nani ahangaike na anayeweka pesa? Nani amfuatilie aliyeshaonyesha kitambulisho? Ni fumbo lile lile, mifupa ile ile. Watafiti baadaye walithibitisha kwamba sheria ikihusu ruhusa na wajibu wa watu, akili inaiona haraka kuliko ikihusu herufi. Kwa anayeendesha grupu, hilo ni funzo la kazi kabisa: usiwaletee wenzako fumbo kavu kama lilivyotoka lilikotoka. Liweke kwenye boti, sokoni, kwenye foleni ya maji.

Kuna mengine ya kale zaidi. Lile la mtu anayevusha chui, mbuzi na majani kwa mtumbwi unaobeba kimoja tu kila safari, Waswahili wanalisimulia tangu zamani, na Ulaya lipo toleo la mbwa mwitu, mbuzi na kabichi lenye umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Sisi tumelihamishia mto Malagarasi. Linafaa kwa watoto wa darasa la nne, lakini kwa watu wazima linachosha upesi.

Kasoro ya mantiki iko kwenye lugha, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Neno moja likikaa vibaya, fumbo zima linaharibika. Andika “wote hawasemi kweli” na umewafanya wote kuwa waongo. Andika “si wote wanaosema kweli” na umeacha mlango wazi kwa wakweli kadhaa. Nimeshaona fumbo zuri likiletwa kwa haraka namna ya kwanza wakati mwenyewe alikusudia ya pili, watu wakahangaika siku nzima na kitu kisicho na jibu. Neno “au” nalo: mama akikwambia kunywa chai au maziwa, anataka uchague kimoja. Mwanamantiki akisema “au”, vyote viwili vinaruhusiwa mpaka akukataze. Mleta fumbo aseme mapema.

Kasoro nyingine: mantiki ikishafumbuliwa imekufa. Haijadiliwi tena. Mwenye akili ya haraka anamaliza asubuhi, wenzake wakiamka wanakuta sherehe imekwisha.

Uwezekano: swali linaloishi hata baada ya jibu

Fumbo la uwezekano halikuulizi ukweli ni upi. Linakuuliza utegemee nini kwa kiasi gani, na hapo kila mtu ana hisia zake. Mvuvi ana zake, muuguzi ana zake, na hisia hizo zimemlisha mtu miaka ishirini. Hawezi kuzitupa kwa sababu umemwandikia sehemu mbili za desimali.

Lile maarufu kuliko yote lina milango mitatu, gari nyuma ya mmoja na mbuzi nyuma ya mingine miwili. Nilipolileta mara ya kwanza kama lilivyo, shemeji yangu akauliza: “Kwani mbuzi tangu lini amekuwa hasara?” Alikuwa na haki. Kwa watu wa kwetu mbuzi ni mali, na nusu ya grupu ilikuwa inatafuta namna ya kumpata. Tukalibadilisha. Nina makawa matatu mezani. Chini ya moja nimeficha noti ya elfu kumi, chini ya mengine hakuna kitu. Unachagua kawa la kwanza. Mimi, ambaye najua noti iko wapi na kila mara lazima nifunue kawa tupu ambalo hukulichagua, nafunua la tatu, tupu. Kisha nakuuliza: unabaki na lako au unahamia la pili?

Siku tatu hatukulala vizuri. “Yamebaki mawili, ni nusu kwa nusu, kuna nini cha kubishana?” Hiyo ndiyo iliyokuwa kauli ya wengi, na hawakuwa wa kwanza duniani. Fumbo hili Steve Selvin alilichapisha mwaka 1975 kwenye jarida la watakwimu Marekani. Mwaka 1990 Marilyn vos Savant akalijibu kwenye safu yake gazetini kwamba kuhama ni bora, akapokea barua zipatazo elfu kumi, karibu elfu moja kati yake zimeandikwa na watu wenye shahada ya uzamivu, nyingi zikimwambia amekosea. Hakuwa amekosea. Hata Paul Erdős, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne ya 20, alikataa mpaka alipoonyeshwa majaribio ya kompyuta.

Kwetu hatukuwa na kompyuta, tulikuwa na mbalamwezi. Mvuvi mmoja wa Katonga, aliyekuwa wa kwanza kusema ni nusu kwa nusu, aliketi na mdogo wake ukumbini na vikombe vitatu vya plastiki na punje moja ya mhindi. Mdogo mtu anaficha, kaka anachagua, mdogo anafunua kikombe kitupu. Mara thelathini kaka alibaki, mara thelathini alihama. Jioni akatuma picha ya karatasi ya daftari, vijiti vya kalamu vimepangwa vitano vitano: kubaki, ameshinda mara 11, kuhama, mara 19. Chini yake aliandika maneno mawili tu: “Nahama jamani.” Nimeitunza picha ile.

Sababu yake ni fupi. Ulipochagua mara ya kwanza, nafasi yako ya kupatia ilikuwa moja kati ya tatu. Mara mbili kati ya tatu umekosea, na kila ukiwa umekosea mimi sina hiari: lazima nifunue lile jingine tupu na kuliacha lenye noti. Kwa hiyo anayehama anashinda mara mbili kati ya tatu.

Muuguzi wetu ndiye aliyeuliza swali lililotusogeza mbele kuliko yote: “Na kama aliyefunua alikuwa hajui noti ilipo, amefunua kwa kubahatisha tu, ikatokea ni tupu?” Hapo jibu linabadilika. Mbahatishaji mara moja kati ya tatu angefunua noti yenyewe na mchezo ungevunjika. Kwenye mara zilizobaki, noti iko kwako nusu na iko kwa jirani nusu. Macho yanaona kitu kile kile, kawa moja limefunuliwa na ni tupu. Lakini kwa anayejua, kuhama kunakupa mbili kati ya tatu, na kwa asiyejua ni sawa kubaki au kuhama. Tangu siku ile, swali la kwanza kwenye grupu letu likiwa la uwezekano ni hili: habari hii imetufikiaje? Aliyetupa alijua, alichagua, au alibahatisha?

Ndiyo maana fumbo la watoto wawili linatesa. Jirani ana watoto wawili na umeambiwa angalau mmoja ni wa kike. Je, uwezekano wa wote wawili kuwa wa kike ni upi? Ukipanga mkubwa na mdogo unapata hali nne, unaondoa ile ya wavulana wawili, zinabaki tatu, na moja tu ndiyo ya wasichana wawili: moja kati ya tatu. Lakini ukiambiwa mkubwa ni wa kike, ni nusu. Kiswahili kinatubeba hapa, maana “mtoto” haisemi jinsia, na “amekuja” haisemi ni yeye wa kike au wa kiume. Fumbo halijitoboi lenyewe. Kinatuangusha kwingine: ukiandika “mmoja ni wa kike” bila “angalau”, nusu ya watu husikia “mmoja tu”. Martin Gardner wa Marekani alilitoa mwaka 1959, na baadaye akakiri mwenyewe kwamba swali lilivyoulizwa liliacha utata: halikusema habari ile ilipatikanaje.

La siku za kuzaliwa halina ugomvi mkubwa, linashangaza tu. Watu 23 wakikusanyika, uwezekano wa wawili kuchangia tarehe ya kuzaliwa unapita nusu kidogo, kwa sababu watu 23 wanatoa jozi 253. Kwa watu arobaini ni kama asilimia 89. Tulijaribu kwetu na tukakwama pazuri: wapo wazee ambao tarehe zao ni za kukadiria, waliandikiwa tu 1 Januari walipokwenda kujiandikisha. Hesabu inadhani kila tarehe ya mwaka ina nafasi sawa. Kumbe kabla ya kuhesabu inabidi umjue unayemhesabu.

Mkeka

Kwa faida ambayo uwezekano unayo na mantiki haina, ngoja nieleze ninachokiona kila jioni.

Kuna kijana, sitamtaja, alikuwa anakuja kibandani kila siku baada ya magharibi kuweka elfu mbili kwenye simu. Hatoki. Anakaa kwenye kiti pembeni, anapanga mkeka, yaani orodha ya mechi za kubashiri ambazo lazima zote zipatie ndipo ushinde. Mechi kumi, kumi na mbili. Kesho yake anakuja amenuna: mkeka umechanwa na timu moja. “Dada, moja tu! Nilikuwa nimekaribia.” Siku nyingine ile elfu mbili ilikuwa ya unga. Nilijua kwa sababu mama yake naye ni mteja wangu.

Sikumhubiria, alishahubiriwa vya kutosha. Nikamwingiza grupuni, na siku ya mbalamwezi nikatega: mechi kumi, kila moja una uhakika nayo wa asilimia 70, na hazihusiani. Uwezekano wa mkeka wote kupita ni asilimia ngapi? Majibu yakamiminika. Sabini. Hamsini. Mmoja akasema thelathini, akaonekana mwoga.

Kijana alikuja kibandani simu mkononi, kikokotoo kimefunguliwa. Tukafanya pamoja juu ya kaunta. Mechi mbili: 0.7 mara 0.7, inabaki 0.49. Tayari imeshuka chini ya nusu. Tatu, 0.343. Tano, 0.168. Alipofika ya kumi ikasoma 0.028. Chini ya mikeka mitatu kati ya mia. Alifuta akaanza upya. Mara ya tatu hakufuta, alikaa anaitazama ile namba. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea: “Kwa hiyo ile ‘nilikaribia’ ni ya kawaida?” Ndiyo. Kwa mahesabu hayo hayo, kuchanwa na timu moja pekee kunatokea kama mara kumi na mbili kwenye mia, mara nne zaidi ya kushinda. Kukaribia ni sehemu ya mchezo wenyewe, na ndiko kunakomrudisha mtu kesho.

Siwezi kusema ameacha. Anacheza bado, mara chache. Lakini sasa kabla ya kuweka pesa anazidisha, na ndiye anayetuletea mafumbo ya Jumamosi.

Mantiki haiwezi kufanya kazi hiyo. Wala haiwezi kumsaidia muuguzi wetu anapoeleza majibu ya kipimo. Alitutegea hili: kati ya watu 1,000, kumi wana ugonjwa, kipimo kinawanasa wote kumi, lakini kinakosea kwa asilimia 5 ya wazima. Umeambiwa una ugonjwa. Una kiasi gani cha kuamini? Wazima ni 990, asilimia 5 yao ni kama hamsini. Waliopata jibu la “unao” ni kama sitini, wagonjwa wa kweli kumi. Moja kati ya sita. Hizo ni namba za fumbo, si za kipimo fulani cha hospitali. Angalieni tu alivyolifanya: aliacha asilimia akahesabu watu. Mbinu hiyo peke yake imetuondolea nusu ya ubishi.

Upande wa simu

Hapa sitakaa sana. Mantiki inapenda maandishi. Mtu anasoma sentensi mara tano, anarudi juu, anapigia mstari neno. Jibu lifichwe: WhatsApp tunaweka nukta moja moja mistari mingi ili jibu liangukie chini ya “soma zaidi”, Telegram ina namna ya kufunika maneno mpaka mtu ayaguse, na ina kura za chemsha bongo zinazomwambia mtu papo hapo kama amepata. Kwa mantiki Telegram ni bora. Lakini huku kwetu watu tayari wako WhatsApp na bando wanalonunua mara nyingi ni la huko. Ukiwahamisha utabaki na walimu na wanafunzi, wavuvi utawapoteza. Mimi sikuhamisha.

Kura ziangalieni. Kwenye uwezekano kura ni nzuri sana ikipigwa kabla ya maelezo, kwa sababu kila mtu anaona hisia za wengi zilivyokwenda kombo, na hakuna anayeaibika peke yake. Kwenye mantiki kura inaharibu. Watu wanafuata upande wenye wengi badala ya kusoma.

Na sauti. Ubishi wa uwezekano upelekeni kwenye ujumbe wa sauti hata kama unakula bando. Nasema hivi kwa uchungu. Kwenye ile vita ya makawa, kijana mmoja alimwandikia mzee wa Ujiji, “Hesabu hujui.” Kwa sauti angeongeza “babu”, angecheka, yangeisha. Kwa maandishi lilisomeka kama kofi. Mzee akatoka grupuni usiku ule ule. Nilikwenda kwake kumwomba radhi. Alinikaribisha kibarazani, akanimiminia kahawa, tukaongea habari za mawese na bei ya migebuka, na juu ya mafumbo hakusema neno. Alirudi baada ya wiki mbili, kijana mwenyewe alipompigia na kumwamkia. Leo hakuna anayeruhusiwa kumkosoa mtu aliyemzidi umri kwa maandishi matupu. Mwite kwa jina lake la heshima kwanza, au tuma sauti.

Basi mdogo wangu wa Kasulu

Anzeni na mantiki, mwezi mmoja hivi. Si kwa kuwa ni rahisi. Ni kwa kuwa inawafundisha kusoma sentensi neno kwa neno, na bila hiyo uwezekano wote utageuka kelele: nusu ya ugomvi wetu wa makawa ulikuwa ni watu kutosoma kwamba mwenye kufunua alijua. Wiki ya kwanza leteni zile karatasi nne, za herufi kwanza, za kitambulisho kesho yake. Wiki ya pili wakweli na waongo. Kisha lile la Singapore la mwaka 2015, la tarehe ya kuzaliwa ya Cheryl, ambamo mtu anasema “najua kwamba hujui”. Kwa Kiswahili linakaa vizuri kuliko nilivyotarajia.

Mwezi wa pili ingieni uwezekano, na mwingie kwa mikono. Vikombe, punje, daftari. Nyinyi mko kumi na wawili mji mmoja, kukutana Jumapili si taabu. Kila fumbo la uwezekano lijaribiwe angalau mara thelathini kabla mtu hajaandika kanuni.

Isipokuwa kama kati ya hao kumi na wawili wapo wanaopanga mikeka kila siku. Hapo usisubiri mwezi. Tega la mechi kumi kesho.

Kama wapo wanaojiandaa na mtihani, uwezekano tuliusoma kidato cha nne, na makawa yatawasaidia kuliko sarafu za vitabuni. Mantiki inawafaa zaidi wanaofikiria sheria au kompyuta.

Nakuachia moja unaloweza kuwapelekea siku ya ufunguzi, uone wamegawanyikaje. Kiini chake ni cha Joseph Bertrand, Mfaransa, 1889. Mifuko ni ya kwangu. Kuna mifuko mitatu ya maharage. Mmoja una punje mbili nyeupe, mmoja una punje mbili nyekundu, mmoja una nyeupe moja na nyekundu moja. Umefumba macho, umechagua mfuko, umetoa punje moja, umefumbua: nyeupe. Punje iliyobaki ndani ya mfuko huo, uwezekano wa kuwa nyeupe nayo ni upi?

Watakaosema nusu, wape maharage wajaribu. Ukishindwa wewe mwenyewe, unajua utaratibu. Uvinza nimeshapewa sana, nitafutie mji mwingine.